Vijana waliovuka Ruvuma na ruzuku za kuwasomesha



Dominika ya mwisho ya mwezi Septemba Mama Kanisa hutualika kuwaombea wahamiaji na wakimbizi. Katika parokia nyingi ombi hilo huwahusu watu wa mbali, wanaoonekana katika luninga wakiwa ndani ya mashua za nchi za wenzetu. Kwetu sisi wa bonde la Ruvuma, kuanzia Mahurunga na Kitaya hadi mdomo wa mto, linahusu ng'ambo tunayoiona kwa macho. Ndugu zetu wako huko, na wengi wetu ni wajukuu wa watu waliovuka kutoka huko. Kwa hiyo juma hili tunapenda kutafakari jambo la historia ambalo halizungumzwi sana: ni nani aliyegharimia masomo ya vijana waliovuka mto huu wakiwa hawana shule, na fedha hizo zilizaa nini.

Ni vema kukumbuka kwanza kwamba mpaka huu ni mgeni kuliko watu wake. Wajerumani na Wareno walipatana juu yake mwaka 1886. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, iliyo kusini ya mdomo wa mto, mwaka 1916 Wareno wakaichukua kwa silaha, na mapatano ya amani ya mwaka 1919 yakawathibitishia. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1890 aliweza kufikia utu uzima akiwa ametawaliwa na Mjerumani na Mreno kwa zamu, bila kuhamisha mafiga yake. Baadaye maelfu ya Wamakonde wa ng'ambo walivuka kuja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakikimbia kazi za shokoa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Walikuja na watoto, au waliwapata hapa. Habari ya vijana wahamiaji wasio na shule, basi, ilikuwepo kabla ya vita yoyote ya ukombozi.

Kwa nini hawakuwa na shule kwao? Hapa hatuna budi kusema ukweli unaotuhusu sisi Wakatoliki. Mwaka 1940 serikali ya Ureno ilifunga Mkataba na Kiti Kitakatifu, pamoja na Mapatano ya Kimisioni, na kwa njia hiyo elimu ya awali ya Waafrika katika makoloni yake ikakabidhiwa kwa misioni za Kikatoliki, zikilipwa ruzuku na serikali. Ruzuku hiyo ilikuwa na masharti yake. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kireno, na lengo lilikuwa kumfanya mtoto awe Mreno mwema wa daraja la chini. Wamisionari wengi walifanya kazi kwa moyo na wengine walikufa kwa malaria wakiwa vijana, hatuwadharau. Hata hivyo shule zilibaki chache, madarasa ya juu yalikuwa machache zaidi, na Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawakujua kusoma. Mwaka 1971 Mapadre Weupe waliamua kuondoka Msumbiji kwa kuona kwamba ukaribu huo wa Kanisa na dola ulikuwa unaiharibu Injili yenyewe. Mwaka mmoja kabla, Julai 1970, Papa Paulo VI alikuwa amewapokea viongozi wa vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno, jambo lililoiudhi sana Lisbon.

(Tuseme neno dogo juu ya lugha. Ruzuku na riziki ni maneno ya mzizi mmoja. Wahenga waliotuachia Kiswahili waliona kwamba kinachotolewa na mkubwa na kinachotolewa na Mungu vinafanana. Tusichanganye tu mtoaji.)

Juni 16, 1960 watu walipigwa risasi Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde ng'ambo ya pili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na vita ikaanza Septemba 25, 1964. Wakimbizi walimiminika kusini mwa Tanzania. Serikali yetu, iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tu ya uhuru, iliwapa ardhi: Rutamba huko Lindi, Muhukuru na Lundo upande wa Songea, na kwingineko. Kazi kubwa katika makazi hayo ilifanywa kwa ushirikiano na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, kupitia huduma yake ya wakimbizi iliyoanzishwa nchini mwaka 1964. Ndugu zetu Walutheri wanastahili shukrani hiyo bila kusitasita.

Watoto wadogo waliweza kuingizwa katika shule za msingi. Tatizo lilikuwa vijana. Kijana wa miaka kumi na saba aliyefika na madarasa manne ya Kireno hakuwa na mahali. Shule zetu za sekondari zilifundisha kwa Kiingereza, nafasi zilikuwa chache hata kwa Watanzania, na umri wake ulikuwa umempita. Kwa ajili ya vijana wa namna hii Janet Mondlane, mke wa Dkt. Eduardo Mondlane, alianzisha mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji, Dar es Salaam. Fedha za kwanza, karibu dola 100,000, zilitoka kwa Ford Foundation ya Marekani. Ureno ililalamika, na kwa kuwa Ureno ilikuwa mshirika wa Marekani katika NATO, malalamiko yalisikika: msaada haukuendelezwa. Mabweni yalikwisha kujengwa, na wanafunzi walikwisha kufika. Kila paroko aliyewahi kujenga darasa kwa fedha za mfadhili wa mwaka mmoja anaelewa hali hiyo.

Waliochukua mzigo huo ni serikali ya Sweden. Mwaka 1964 nchi hiyo ilikuwa imetenga kroni milioni moja kwa ajili ya elimu ya vijana wakimbizi wa Afrika, na kuunda kamati maalumu ya kusimamia msaada huo chini ya Ernst Michanek. Kuanzia mwaka 1965 sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye Taasisi ya Msumbiji. Utaratibu wake unafaa kuangaliwa. Kisheria Taasisi haikuwa FRELIMO. Ilikuwa chombo cha elimu kinachojitegemea, hivyo serikali isiyotaka kugharimia vita iliweza kugharimia madaftari, walimu na chakula cha wanafunzi bila kuvunja sheria zake. Kila mtu alijua wanafunzi wale ni wa nani, na kila mtu alikubali kutouliza sana. Ni Mei 1969 tu Bunge la Sweden lilipotamka wazi kwamba misaada ya kibinadamu inaweza kwenda kwa vyama vya ukombozi vyenyewe. Serikali ya Marekani nayo iligharimia Kituo cha Kimataifa cha Elimu cha Kurasini kwa wakimbizi wa kusini mwa Afrika. Kwa hiyo Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa mahali ambapo mataifa makubwa na madogo yalishindana kumsomesha kijana aliyetoroka kwao bila cheti.

Mmoja wa waliopita katika Taasisi ile ni Josina Muthemba. Alitoroka Msumbiji mwaka 1964 akiwa na miaka kumi na minane, akakamatwa njiani karibu na Maporomoko ya Victoria na kurudishwa. Akatoroka tena mwaka uliofuata, akafika Dar es Salaam na kufanya kazi kama msaidizi wa Janet Mondlane. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Ulaya aliikataa, akaenda kwenye mapambano, na huko akajishughulisha na watoto yatima na waliopotezana na wazazi. Aliolewa na Samora Machel. Alifariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971, akiwa na umri wa miaka 25.

Si wote walioamua kama yeye, wala hatudhani walipaswa. Mwaka 1968 Taasisi ilipasuka. Wanafunzi waligoma, na kilichogombewa kilikuwa ni wao wenyewe. Je, kijana akimaliza masomo ya sekondari aende chuo kikuu ng'ambo, au apelekwe vitani na kazi za chama? Je, afundishwe kwa Kireno, lugha ya mtawala, au kwa Kiingereza kitakachomfungulia milango? Kwa nini walimu wengine ni wazungu wa asili ya Kireno? Mmoja wa waliowatia moyo waliogoma alikuwa padre wa Kikatoliki, Mateus Gwenjere, aliyetoka jimbo la Beira na kufika Dar es Salaam mwaka 1967. Viongozi wa FRELIMO walimwona kuwa mchochezi. Wanafunzi wengi walimwona kuwa mtu wa kwanza aliyewauliza wanataka nini. Mwezi Machi Taasisi ilifungwa, wengi wa wanafunzi wakakimbilia Kenya, na walimu kadhaa wenye asili ya Kireno wakatakiwa kuondoka nchini. Februari 3, 1969 Dkt. Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Padre Gwenjere naye, baada ya uhuru, aliuawa nchini mwake akiwa mikononi mwa serikali ya chama alichokuwa amejiunga nacho.

Tumeyafikiri mambo haya mara nyingi, na hatuoni kwamba upande mmoja ulikuwa na haki yote. Taifa lisilo na madaktari wala walimu lilikuwa na sababu ya kudai kwamba aliyesomeshwa kwa jina la wenzake arudi kwa wenzake. Lakini wafadhili waliuliza habari za mabweni na vitabu, chama kikauliza habari za askari, na kijana mwenyewe akabaki kuwa hesabu katika taarifa za pande zote mbili. Padre Gwenjere aliuliza swali halali, ingawa kwa namna iliyoleta hasara kubwa. Shule ya sekondari ilifunguliwa upya Bagamoyo mwaka 1970, na huko Tunduru watoto wa wakimbizi walisoma shule ya msingi. Hapa hapa Mtwara FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la daktari wa Angola, Américo Boavida, ikihudumia majeruhi na kuwafunza wauguzi. Wazee wa mjini bado wanaikumbuka.

Amani ya mwaka 1975 haikudumu. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliwavusha watu tena hadi mapatano ya Roma, Oktoba 4, 1992, yaliyosuluhishwa na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Wakati huo suala la walioikosa shule lilikuwa limekwisha kuwa letu pia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeahidi elimu ya msingi kwa wote, lakini katika miaka ya themanini na tisini ada zilirudi na madawati yakabaki wazi. Mwaka 1999 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza majaribio ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, katika wilaya tano, na Masasi ilikuwa mojawapo. Chini ya MMEM, ulioanza mwaka 2002 sambamba na kufutwa kwa ada, mpango huo ulienea nchi nzima. Madarasa yalikuwa ya saa chache kwa siku, ili mtoto aweze pia kwenda shambani. Wa miaka 8 hadi 13 waliandaliwa kurudi katika mfumo wa kawaida, na wa miaka 14 hadi 18 waliandaliwa kwa mtihani wa darasa la saba. Wawezeshaji wengi walikuwa vijana wa kijiji waliolipwa posho ndogo. Posho zilipochelewa, mwezeshaji alirudi kwenye mpunga wake na darasa likafa. Kwa maoni yetu huo ulikuwa mmoja wa mipango bora kabisa ya elimu tuliyowahi kuwa nao, na ulidhoofika kwa sababu ndogo mno kuliko wema wake.

Kisha mwaka 2017 vita ilianza tena Cabo Delgado. Oktoba 2020 iligusa Kitaya, jirani zetu, na tulizika. Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Mwaka huo shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza hadharani wasiwasi wake kwamba maelfu ya waliovuka kuja kwetu walikuwa wakirudishwa. Baada ya Kitaya hatuwezi kuwadharau wanaolinda mpaka, wala kuhesabu hofu ya wananchi kuwa dhambi. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtambua mtoto mkimbizi kuwa na haki ya elimu ya msingi, na haki hiyo humfikia tu yule aliyekwisha kuandikwa mahali fulani. Tangu mwaka 2016 shule haina ada, tangu Novemba 2021 hata binti aliyeacha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi, na bado kuna watoto mabondeni mwetu ambao hawajulikani na daftari lolote. Mzazi mmoja ni wa huku na mwingine wa kule. Msimu wa mpunga wako upande huu, msimu wa korosho wako kwa bibi. Mwalimu mkuu akiomba cheti cha kuzaliwa, hakuna.

Hapo parokia ina kitu cha kutoa ambacho si fedha. Katika maombi ya kuandikisha kizazi kilichochelewa, cheti cha ubatizo hupokelewa na RITA kama mojawapo ya uthibitisho, pamoja na kadi ya kliniki. Vitabu vyetu vya ubatizo vina majina ya watoto, wazazi na wasimamizi, na mahali walipozaliwa. Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo, kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari, watuletee majina ya watoto wa eneo lao wasiosoma. Wale waliobatizwa tutawatafuta katika vitabu. Kwa watoto wa ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku kwetu, tutakwenda pamoja na viongozi wao wa msikiti kwa mtendaji wa kijiji, kwani kadi ya kliniki haina dini.