Boa, chatu au kifutu? Namna ya kumtambua nyoka wa kufugwa na asili yake

Tuseme uko Baba Dogo, mtaa wa viwanda na nyumba za kupanga huko Eastlands, Nairobi. Mpangaji amehama usiku, kaacha kasha la kioo, na ndani yake mna nyoka mfupi, mnene, mwenye mabaka. Kijana mmoja asema ni boa, hana sumu, ashikwe tu. Jirani ashika rungu, asema ni kifutu. Mmoja wao amekosea, na kosa hilo laweza kumgharimu mtu mkono wake, au uhai.

Boa ni jamii ya nyoka wasio na sumu, ambao huua windo kwa kulizongomeza na kulibana. Chatu naye hufanya hivyo, ndiyo maana watu huwachanganya. Lakini chatu hutaga mayai na jike huyazungukia mpaka yaanguliwe, ilhali boa karibu wote huzaa watoto walio hai.

Boa wa mchangani

Huyu ni wetu. Kitaalamu huitwa Eryx colubrinus, jina la pili likiwa ni lile alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Makao yake ni nchi kavu, kuanzia Misri na Sudan hadi Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kwetu Kenya yuko kaskazini na mashariki, hata Tsavo, ambako hujifukia mchangani akingoja windo. Jike ni mkubwa kuliko dume, na kwa kawaida hazidi sentimita 90. Shingo yake haionekani: kichwa na mwili ni unene mmoja. Macho ni madogo, mkia ni mfupi na butu, mgongo una rangi ya manjano au chungwa yenye mabaka ya kahawia, na tumbo ni jeupe.

Boa wa Amerika

Huyu ndiye Boa constrictor, ambaye hufikia mita mbili, tatu. Ana mstari mweusi katikati ya kichwa kuanzia puani hadi kisogoni, na mabaka ya mgongoni hugeuka mekundu karibu na mkia. Nchi yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Akionekana Nairobi, jua ameletwa na mkono wa mtu. Kisiwa cha Madagaska nacho kina boa wake, wanaolindwa vikali zaidi katika biashara ya kimataifa.

Chatu

Mtazame mdomo. Chatu wetu ana vishimo kwenye magamba ya mdomo wa juu, vya kuhisi joto la windo. Juu ya kichwa ana alama nyeusi kama ncha ya mkuki. Boa wa Amerika hana vishimo hivyo vya kuonekana.

Kifutu

Hapa ndipo penye hatari. Kifutu naye ni mfupi na mnene, lakini kichwa chake ni kipana kama pembe tatu, shingo ni nyembamba, magamba yanakwaruza, na mgongoni ana michoro kama herufi V zilizofuatana. Akikasirika hujijaza pumzi na kufoka. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Ukiona shingo imejitenga na kichwa, rudi nyuma.

Katoka wapi?

Aina hukuambia nchi ya asili, haikuambii nyoka huyo alizaliwa wapi. Boa wa mchangani amezalishwa kwa miaka mingi Marekani na Ulaya, na huko huuzwa kwa jina la Kenya ingawa hajawahi kuiona. Akiwa mweupe kabisa mwenye macho mekundu, au mweusi na mweupe bila chembe ya chungwa, yaelekea ni uzao wa vizimbani. Mwenye rangi ya kawaida aweza kuwa amechimbuliwa Tsavo mwezi uliopita, na hapo ushahidi ni karatasi: kibali cha kumfuga, na cha kumwingiza nchini chini ya mkataba wa CITES ikiwa katoka nje. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali, hata kama hana sumu.

La kufanya

Usimshike, usimuue. Funika kasha, mpige picha kwa mbali, watoto wakae kando, kisha waite KWS. Nairobi, kituo cha nyoka cha Makumbusho ya Taifa kina wajuzi. Kwa ndugu wa Watamu na Malindi, wako Bio-Ken. Wala usimwachilie mtoni: boa wa mchangani hataupata mchanga wake huko, na mgeni aweza kuleta maradhi kwa nyoka wetu. Mtu akiumwa, asichanjwe wala asifungwe kamba. Kiungo kitulizwe, apelekwe hospitali mara moja.