Afya ya Nani? Amri za Serikali na Miili ya Watu wa Rungwe

Boma la Tukuyu limejengwa pale lilipo kwa sababu ya homa. Kituo cha kwanza cha Wajerumani pande hizi kilikuwa Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali panapoitwa Lumbila. Kulikuwa na joto na mbu, na maofisa waliugua. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakapanda milimani, wakajenga kituo kipya walichokiita Neu-Langenburg, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, penye ubaridi na mvua isiyokatika. Huko ndiko Tukuyu ya leo, wilayani Rungwe, na boma lile lingali ofisi ya umma.

Huo ni mmoja wa maamuzi ya kwanza ya kiafya ambayo serikali iliyafanya katika nchi ya Wanyakyusa, na uliwahusu maofisa. Mwenyeji wa bonde la Kyela, chini kando ya ziwa, alibaki alipozaliwa, na kila alipodaiwa kodi au kazi alipaswa kupanda mlima kumfuata mkubwa huko kwenye hewa safi. Nadhani historia ya amri za afya Rungwe haieleweki bila kuuliza, kwa kila amri, ilitungwa kwa ajili ya afya ya nani, na huyo mwenye mwili aliulizwa lini.

Wenyeji hawakuwa watu wasio na taratibu kabla ya boma. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alivutiwa mno na unadhifu wa vijiji: nyumba za mianzi zilizosukwa kwa ustadi, nyua zilizofagiwa, migomba iliyotunzwa. Kijiji kilikuwa cha watu wa rika moja waliojenga pamoja tangu ujana wao, na jirani alikuwa na haki ya kumsema jirani.

Utaratibu huo ulikuwa pia na upande wa kutisha. Kifo, hasa cha mtu ambaye hakuwa mzee, kilitafutiwa mtu wa kubebeshwa lawama. Katika kesi za uchawi watu walinyweshwa mwafi, maji ya gome lenye sumu. Aliyetapika alikuwa ametakasika. Aliyeshindwa kutapika alihesabiwa mkosaji, kama sumu yenyewe haikummaliza kwanza. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku kipimo hicho, na mwaka 1928 Waingereza wakatunga Sheria ya Uchawi ambayo ingali katika vitabu vya sheria za Tanzania, Sura ya 18. Kumzuia mtu asinyweshwe sumu ni jambo jema, na sioni haja ya kulijadili. Hata hivyo Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia walioishi Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta hofu ya uchawi ingali hai kabisa. Waliotuhumiwa waliendelea kufukuzwa vijijini mwao wakatafute pengine pa kukaa. Marufuku iliondoa kikombe cha sumu, ila mama aliyezika watoto wawili mfululizo bado alitaka kujua kilichowaua. Jibu lake lingekuwa zahanati, maji safi na chanjo, na hayo yalikuja polepole kuliko mkusanya kodi.

Kodi ndiyo iliyowatoa vijana nyumbani. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakaiendeleza, na fedha taslimu haikuota migombani. Kahawa ilikuja kusaidia baadhi ya familia, lakini ardhi ilizidi kuwa finyu. Wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, wengine migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Waliothubutu zaidi walikwenda Wenela. Hilo lilikuwa shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na jina lake lilizoeleka hata likawa jina la safari yenyewe. Philip Gulliver, aliyefanya utafiti Rungwe katikati ya miaka ya 1950, aliona uhamaji huu ni jambo zito kiasi cha kuuandikia makala nzima mwaka 1957.

Hapa kuna kisa cha sheria ambacho vijana wa Rungwe hawakusimuliwa walipokuwa wakijiandikisha. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku migodi kuchukua watu wanaotoka kaskazini mwa latitudo 22 kusini mwa Ikweta. Tanganyika yote iko kaskazini mwa mstari huo. Sababu ilikuwa vifo: watu wa nchi za joto walipofikishwa kwenye kambi zilizosongamana, kwenye baridi kali ya Johannesburg, waliangamia kwa nimonia kwa kiwango kilichowatisha hata wabunge wasiomjali mtu mweusi. Makampuni yalikwisha kumwita kutoka Uingereza daktari mashuhuri, Almroth Wright, ambaye mwaka 1911 alianza kujaribu chanjo ya nimonia kwa vibarua hao hao.

Marufuku ilikaa takriban miaka 20. Miaka ya 1930 dhahabu ikapanda bei, migodi ikahitaji watu wengi zaidi, na mlango ukafunguliwa, kwanza kwa majaribio, kisha wazi kabisa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Watetezi wa uamuzi walisema tiba imesonga mbele, na ni kweli ilikuwa imesonga. Lakini bei ya dhahabu nayo ilikuwa imepanda, na siwezi kuamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu.

Aliyeandikishwa alipimwa kwa makini. Aliwekwa kwenye mizani, akasikilizwa kifua, akapigwa eksirei. Vipimo vile vilimchagua mwenye nguvu za kushuka chini ya ardhi. Mwamba wa Witwatersrand umejaa silika, na ukitobolewa au kulipuliwa hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo likifika ndani kabisa ya mapafu halitoki. Mwili hulizungushia kovu, kovu huzaa kovu, na pafu hukakamaa. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa, na unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Zaidi ya hayo hukifungulia mlango kifua kikuu. Kijana alitoka Rungwe akiwa mzima, akamaliza mkataba, akarudi na mablanketi na fedha ya mahari, na bado akiwa mzima kwa macho ya kila mtu. Kikohozi kingeweza kumkuta uzeeni, shambani kwake, mbali na daktari yeyote ambaye angemuuliza kama aliwahi kufanya kazi mgodini.

Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya fidia kwa waliodhurika kwa vumbi tangu mwaka 1911, miongoni mwa za mwanzo duniani. Kwa miongo mingi sheria hiyo na zilizoifuata zilipima kifua kwa rangi ya ngozi: mchimbaji mzungu alipata malipo makubwa na uchunguzi wa mara kwa mara, Mwafrika alipata kidogo, mara moja, kama alipata. Ubaguzi huo ulifutwa katika sheria mwaka 1993 tu.

Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere iliifungia Wenela mlango, kwa kuwa isingewezekana kuupinga ubaguzi wa rangi jukwaani na huku ukiupelekea watu wa kuuchimbia dhahabu. Ulikuwa uamuzi wa heshima, na Rungwe iliulipia kwa kupoteza kipato. Uliwazuia wapya kwenda. Waliokwisha kulivuta vumbi walibaki nalo.

Zamu ya mahakama ilifika baadaye sana. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mchimbaji mgonjwa anaweza kuishtaki kampuni moja kwa moja. Kesi ya pamoja ikafuata, na Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya takriban randi bilioni 5. Mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kulipa wagonjwa wa silikosisi na wa kifua kikuu cha migodini pamoja na familia za waliokufa, popote walipo kusini mwa Afrika. Lakini wanaohusika ni waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Kwa Msotho au Mmalawi tarehe hiyo inaacha nafasi. Kwa Rungwe, ambako uandikishaji rasmi ulikoma miaka kadhaa nyuma yake, inaacha nje karibu kizazi kizima. Sidhani kama kuna aliyekusudia kuwadhulumu watu wa Tukuyu kwa tarehe ile. Waliokaa kuipanga hawakuwa na mtu wa Tukuyu mezani, na naona hilo linatosha kueleza kilichotokea.

Baada ya uhuru serikali ilianza kuzungumza na watu kwa namna nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu kuhusu malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Mwaka 1979 Bunge likaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Tukuyu ina kituo chake. Kituo hicho kinanileta kwenye mto na ugonjwa wake, usubi.

Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hutelemka kwa kasi kutoka milimani kwenda ziwani, ikipiga mawe na kutoa povu. Maji ya namna hiyo, yenye hewa nyingi, ndiyo wanayoyapenda inzi wadogo weusi waenezao usubi. Huuma mchana, mtu akiwa shambani au akiteka maji, na kumwachia vijidudu vinavyokuwa minyoo chini ya ngozi. Mnyoo mmoja wa kike huzaa kwa miaka 10 au zaidi, na watoto wake husambaa mwilini. Muwasho humnyima mtu usingizi, ngozi hukunjamana kama ya mzee kabla ya uzee, miguu hutoka mabaka meupe, na wanaofika machoni huleta upofu. Eneo la Tukuyu limo katika ramani ya usubi nchini pamoja na Mahenge, Ruvuma, Kilosa, Morogoro na Tanga.

Kuna njia ya kupambana na usubi bila kumuuliza mwanakijiji chochote. Kenya, katika miaka ya 1940 na 1950, ilimimina DDT katika mito ya Nyanza na kumtokomeza inzi wa huko. Afrika Magharibi, kuanzia 1974, ndege zilinyunyizia dawa mito ya nchi 11. Njia hizo ziliokoa macho ya watu wengi mno, na nazisifu. Kisha ikaja dawa ya ivermectin, ambayo mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa bure kwa muda wote itakapohitajika. Dawa hii huua watoto wa minyoo na kumwacha mnyoo mkubwa hai, kwa hiyo ni lazima imezwe kila mwaka mpaka minyoo ife kwa uzee wake. Hakuna serikali iwezayo kumlazimisha mtu mzima kumeza vidonge miaka 15 mfululizo.

Mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, ulioanza 1995, ukalikubali hilo na kuuweka ugawaji mikononi mwa vijiji. Wanakijiji wenyewe huchagua mgawa dawa na kupanga msimu unaowafaa. Vifaa ni daftari la kaya, vidonge na fimbo iliyochorwa alama, kwa kuwa kipimo hufuata urefu. Mtu husimama bila viatu, fimbo ikawekwa mgongoni. Chini ya sentimita 90 hapewi. Kuanzia 90 hadi 119 ni kidonge kimoja, hadi 140 viwili, hadi 158 vitatu, na aliyezidi hapo vinne. Mjamzito huachwa, pia mama aliyejifungua wiki hiyo na mtu aliye taabani. Mgawa dawa anajua nani ni mjamzito na nani amesafiri kwenda Mbeya kwa sababu ni jirani yao. Usiku ule mtu akivimba uso au kuwashwa, kama inavyowatokea wenye vijidudu vingi, anajua mlango wa kubisha.

Atakayeona haya ni mambo madogo aikumbuke Morogoro ya Agosti 2008. Watoto wa shule walipewa dawa za kichocho na minyoo, nzuri na zilizothibitishwa, kabla wazazi hawajaelezwa vya kutosha. Uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule, polisi wakaitwa. Dawa ilikuwa salama, ila mzazi alikuwa amerukwa.

Mpango wa usubi wa Afrika ulifungwa mwaka 2015, na kingatiba, yaani ugawaji huo wa dawa, sasa imo katika mpango wa taifa wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, pamoja na trakoma, matende na mabusha, kichocho na minyoo ya tumbo. Mgawa dawa bado ni mtu wa kujitolea. Anaacha palizi yake siku nyingi, anapanda na kushuka vilima vya Rungwe, na malipo yake mara nyingi ni posho ya semina. Serikali inayotambua kazi yake kwa sifa inapaswa kuitambua pia katika bajeti ya halmashauri.

Uamuzi mmoja mkubwa unasubiriwa katika kila eneo la usubi, nao ni lini watu waache kumeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka ushahidi wa inzi na wa watoto. Watoto wa chini ya miaka 10 hutobolewa kidole, na damu yao huchunguzwa kama mwili umewahi kukutana na mnyoo. Kiwango kinachoruhusiwa ni chini ya mtoto mmoja kati ya 1,000. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na majibu ya damu ya watoto hao, yawe ya kuendelea au ya kuacha, yasomwe kwanza hapo, mbele ya wazazi waliokubali kidole kitobolewe.