Judith Heumann: Haki Haiombwi Kama Sadaka

Tukisikia neno "mlemavu", wengi wetu mawazo hukimbilia sadaka. Twatoa shilingi mbili tatu, twaomba dua, kisha hao twaenda zetu. Leo nataka tumkumbuke mama mmoja aliyetumia maisha yake kudai kitu kingine kabisa: haki.

Judith Heumann, au Judy kama alivyojulikana, alizaliwa Marekani mwaka 1947, akalelewa Brooklyn, New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokimbizwa Ujerumani wangali wadogo ili wasiuawe na Wanazi. Judy alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alipatwa na polio, na tangu hapo hakutembea tena. Alipofika miaka 5, mamake akampeleka shule ya mtaani. Mwalimu mkuu akamkataa. Sababu? Ati kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukizuka! Basi akawa anafundishwa nyumbani saa chache tu kwa wiki, mpaka alipofika miaka 9 ndipo akapata nafasi darasani.

Akasoma hadi chuo kikuu, akafaulu mitihani ya ualimu. Mwaka 1970 wakuu wa elimu wa New York wakamnyima leseni. Na sababu ni ileile: moto ukizuka, atawatoaje watoto nje? Judy akawapeleka kortini. Jaji alikuwa Constance Baker Motley, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za shirikisho nchini humo. Wakuu hao wakaona mambo yamewageukia, wakampa leseni, naye akafundisha.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza taasisi yoyote inayopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Sheria nzuri, au sio? Lakini kanuni za kuitekeleza zilihitaji sahihi ya waziri. Miaka minne ikapita, marais watatu wakaketi kitini, sahihi hakuna!

Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu wakaingia katika ofisi za wizara hiyo katika miji kadhaa. Kule Washington walinyimwa chakula, na baada ya siku moja hivi wakatoka. Lakini San Francisco zaidi ya watu 100, Judy akiwa miongoni mwa viongozi wao, walikataa katakata kuondoka. Walilala sakafuni. Kuna waliohitaji mtu wa kuwageuza usiku, kuna waliohitaji dawa za kila siku. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakazungumza na wenzao wa nje kwa lugha ya ishara. Chama cha Black Panther, watu Weusi waliokuwa na vita vyao wenyewe na serikali, kikawaletea chakula moto kila siku.

Afisa mmoja wa serikali alipokuwa akieleza mipango ya kuwatenga watu wenye ulemavu katika shule zao, huku akitikisa kichwa kama mtu anayewaelewa, Judy alimwambia kwa machozi aache kutikisa kichwa, kwani haelewi lolote. Tarehe 28 Aprili waziri Joseph Califano akatia sahihi. Kikao kile kilichukua kama siku 25, na ndicho kilichojenga msingi wa sheria kubwa zaidi ya mwaka 1990. Baadaye Judy alifanya kazi katika serikali ya Marekani na Benki ya Dunia. Alifariki tarehe 4 Machi 2023, akiwa na miaka 75.

Sasa turudi kwetu. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kufika mahali pote bila vizuizi visivyo vya lazima. Maandishi tunayo. Lakini hebu jiulize, kijana mwenzangu: msikiti wenu una ngazi ngapi, na njia ya kiti cha magurudumu iko wapi? Madrasa ya ghorofani, mtoto asiyetembea atafikaje? Matatu ikimwacha steji kwa kuwa kiti chake kitachukua nafasi, nani kati yetu hufungua mdomo?

Usikae ukatikisa kichwa tu. Mwezi huu, vijana wa kila mtaa waende kwa kamati ya msikiti wao wakiwa pamoja na jirani yao mwenye ulemavu. Yeye ndiye aseme kinachomzuia, na mfuko wa ujenzi uanzie hapo.