Kamera ndogo ya ordinateri yapiga picha ya Jupita

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, wapenda nyota wa Ulaya na kwingine waligundua kama kamera ndogo ya ordinateri, ile ya kuongea na ndugu walio mbali, inaweza kupiga Jupita, hata Zohali na pete zake. Iliyopata sifa sana ni Philips ToUcam Pro, juu kachipu kake ka CCD kanashika hata mwangaza mdogo.

Kazi yenyewe si ngumu. Lensi inazungushwa, inatolewa, na pale panawekwa kabomba kenye upana wa milimita 31.7, kipimo cha tundu la darubini nyingi. Wengine walitumia kakopo ka filme ya zamani, kanaenea karibu sawasawa! Sasa darubini ndiyo lensi. Lakini kwa kamera mingi, kioo chenye kuzuia infraruji kinatoka pamoja na lensi: bila kutia kingine, rangi zinaharibika.

Picha moja haitoshi, juu hewa inatetemeka. Inachukuliwa video ya dakika moja ao mbili, kisha programu ya bure kama RegiStax inachagua picha zilizotulia na kuzipanga moja juu ya ingine. Huku karibu na ekwateri kuna bahati: sayari zinapita juu sana, hewa ya kupenya ni kidogo.

Kwa nyota hafifu, Mwingereza Steve Chambers alionyesha namna ya kuchomelea waya ndani ili kamera ipokee mwangaza kwa sekunde mingi. Kosa moja hapo, kamera imekufa.

Na jua? Bila filta yake mbele ya darubini, kachipu kanaungua. Jicho vilevile.