Unapanda Ndege Mara ya Kwanza Kutoka Meru ama Embu? Hizi Hapa Huduma Ushalipia Tayari

Cuzo wangu wa Runyenjes alitoka JKIA hadi Dubai bila kutia kitu mdomoni. Wahudumu walipita na toroli ya msosi, jamaa akatingisha kichwa na kujifanya amelala. Aliogopa kuitishwa doh. Walipotua ndio mse walikuwa wamekaa naye akamwambia ile dishi ilikuwa imelipiwa kwa tiketi kitambo. Masaa tano ya njaa, bure kabisa.

Na si yeye pekee. Wasee wengi wa Maua, Nkubu na Siakago hupanda ndege mara ya kwanza wakienda job Gulf ama masomo majuu, na hakuna mtu huwaambia chenye ni chao. Wacha tuchambue.

Dishi na vinywaji

Kwa ndege kubwa za kimataifa kama Kenya Airways, Emirates na Qatar Airways, chakula, maji, soda na chai viko ndani ya bei ya tiketi, hata kwa ekonomi. Ukiskia kiu katikati ya safari, bonyeza ile swichi ya picha ya mtu, uitishe maji. Haulipi. Saudia nayo haiuzi wala kupeana pombe, so usiulize.

Kama hukuli nyama ama uko na kisukari, agiza dishi yako mapema, angalau saa 24 kabla ya safari. Ukingoja ukiwa hewani umechelewa. Na ukikata tiketi ya ndege ya bei nafuu kama Air Arabia ya kwenda Sharjah, soma kwanza kama msosi uko ndani ama unanunua.

Kiti, hewa na burudani

Dreamliner ya KQ, Boeing 787-8, inabeba abiria 234: 30 wa biznesi na 204 wa ekonomi. Ndiyo hupiga Nairobi–New York moja kwa moja tangu 28 Oktoba 2018, kama masaa 15 hivi. Biznesi kiti kinalala flati kama kitanda. Ekonomi unapata skrini yako ya muvi na ngoma.

Kitu wengi hawajui: hewa ya ndani ya Dreamliner imewekwa kama uko futi 6,000, yaani karibu na urefu wa Nairobi. Ndege nyingi za kitambo hufika futi 8,000, kama uko pande za Timau. Ndiyo maana ukishuka Dreamliner kichwa hakigongi sana. Masikio yakiziba, meza mate ama tafuna chingamu.

Mizigo na pawa benki

Kilo zako zimeandikwa kwa tiketi, zisome kabla hujapakia ndizi na unga wa mathee. Begi ya mkononi kwa ekonomi ya Emirates na Qatar Airways ni kilo 7 pekee. Ukipitisha, unalipia. Vitu vya maji kwa begi ya mkononi visipite mililita 100 kwa chupa.

Pawa benki haiingii begi ya chini, unaibeba mkononi. Emirates nao tangu 1 Oktoba 2025 wamekataza kuitumia ndani ya ndege, so chaji simu kabisa kabla ya kupanda.

Miraa na muguka: acha nyumbani

Hapa hakuna mchezo. Ni kweli miraa ya Meru hupanda ndege za mizigo kwenda Mogadishu. Lakini UAE, Qatar na Saudi Arabia inahesabiwa dawa ya kulevya, na Uingereza ilipigwa marufuku Juni 2014. Muguka ya Embu ni mmea ule ule. Mtu akikuomba umbebee "kifurushi kidogo cha rafiki", kataa. Jela ni yako, si yake.

Shosho na watoto

Kama shosho anaenda kuona wajukuu Marekani na miguu inasumbua, kiti cha magurudumu ni bure. Kiombwe mkikata tiketi, ama saa 48 kabla. Atasukumwa kutoka kaunta hadi mlango wa ndege. Mama mwenye mtoto mchanga naye aulize kitanda kidogo cha mtoto mapema, kwa sababu huwa vichache.

Begi ikipotea

Usitoke airport ukilia. Nenda dawati la mizigo, ujaziwe ripoti na uchukue nakala. Weka kile kistika cha begi walikupea ukicheki. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya iko ndani, unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi begi ikiwa imeharibika, na siku 21 ikichelewa kufika. Siku zikipita, kesi imeenda.

Ya mwisho

Fika JKIA masaa matatu mapema. Kaunta hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kutoka, na mat ikikwama Thika Road hakuna rubani atakungoja. Ukitoka Meru, afadhali ulale Nairobi usiku mmoja.

Na toroli ikipita, buda, chukua dishi yako. Ushailipia.