Jinsi ya kupata vikundi vya kuacha pombe Lodwar na Kakuma

MTU anayeazimia kuacha pombe katika Kaunti ya Turkana hukabiliana na mambo mawili kwa pamoja: tamaa ya kinywaji na umbali. Lodwar na Kakuma zimetengana kwa kilomita zipatazo 120, na kutoka Lodwar hadi Kitale ni takriban kilomita 300. Aidha, chang'aa na busaa hupikwa nyumbani na kuwapa wengi riziki, hivyo kishawishi huwa mlango wa pili.

Hata hivyo, kikundi cha kusaidiana hakihitaji jengo, mtaalamu wala fedha nyingi. Huhitaji watu wawili wenye nia moja.

Ndivyo ulivyoanza ushirika wa Alcoholics Anonymous, maarufu AA. Mnamo 1935 mjini Akron, Marekani, dalali wa hisa Bill Wilson alikutana na daktari Bob Smith. Wote walikuwa wametawaliwa na pombe, nao wakagundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, kila mmoja hupata nguvu ya kukaa siku moja zaidi bila kunywa.

Uchambuzi uliochapishwa na shirika la Cochrane mwaka wa 2020, uliojumlisha tafiti 27 na washiriki 10,565, ulionyesha kuwa programu za kuwaelekeza wagonjwa kwenye AA huwawezesha wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko baadhi ya tiba nyingine zinazotambulika.

Daktari kwanza

Anayekunywa kila siku asiache ghafla bila ushauri wa kitabibu. Kutetemeka, kutokwa na jasho na kukosa usingizi huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Mgonjwa anaweza kupatwa na kifafa katika siku mbili za kwanza, kisha akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo huweza kuua, lakini hutibika hospitalini. Kikundi hakichukui nafasi ya dawa.

Pa kuulizia

Mjini Lodwar, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Mwombe mhudumu wa afya ya akili akuelekeze kwa kikundi au kwa mgonjwa aliyepata nafuu na aliyekubali kuwasaidia wengine. Kakuma, waulize wahudumu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, mjini au kambini, na washauri nasaha wa mashirika yanayowahudumia wakimbizi.

Unaweza pia kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Aidha, uliza katika ofisi za parokia, kwani vikundi vingi nchini hukutania katika kumbi za makanisa, ingawa AA haifungamani na dini yoyote. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuhudhuria mikutano ya mtandaoni, ambayo ilienea sana kuanzia mwaka wa 2020.

Mkutanoni

Sharti la uanachama ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada wala karo. Mchango mdogo hukusanywa kwa hiari ili kulipia chai au ukumbi.

Mkutano kwa kawaida huchukua muda wa saa moja. Wanachama husimulia kwa zamu walivyokuwa, kilichowabadilisha na walivyo sasa. Hakuna anayekatizwa wala kuhukumiwa, na mgeni anaweza kukaa kimya. Mikutano mingine ni ya wazi, hata jamaa huruhusiwa. Mingine ni ya wenye tatizo la pombe pekee.

Jina la kwanza hutosha. Katika mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, kanuni hii ina uzito mkubwa: siri ikivuja mara moja, wengi hawatarudi. Yanayosemwa mkutanoni hubaki mkutanoni.

Pasipo na kikundi

Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi. Chagueni siku na saa zisizobadilika, na mahali palipo mbali na vilabu. Kivuli cha mti kinatosha, mradi wapita njia wasisikie.

Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, na makao jirani ya Kalobeyei yana watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Kubalianeni mapema kuhusu lugha, iwe Kiswahili, Kiarabu cha Juba au nyingine. Hatua 12 za AA humtaja Mungu jinsi kila mtu anavyomwelewa, hivyo Mwislamu na Mkristo wanaweza kuketi pamoja.

Jamaa wa mlevi nao wana ushirika wao, Al-Anon, ulioanzishwa mwaka wa 1951. Huwasaidia hata kama mlevi mwenyewe bado anakunywa.

Mwisho, anayeteleza na kunywa tena hafukuzwi. Arudi mkutano unaofuata, na wenzake wampigie simu kabla ya siku hiyo kufika.