Kurudi Ulingoni kwa Bingwa Aliyestaafu

Katika ndondi za uzito wa juu, bingwa aliyestaafu kurudi ulingoni ni desturi ya zaidi ya karne moja. Mfano wake mkubwa wa awali ni James J. Jeffries wa Marekani, aliyeuacha ubingwa wa dunia mwaka 1905 bila kupoteza pambano hata moja, akaenda kulima. Miaka mitatu baadaye Jack Johnson alitwaa taji hilo mjini Sydney na kuwa Mtu Mweusi wa kwanza kulishika. Magazeti na mashabiki wengi Wazungu wa Marekani hawakulivumilia jambo hilo. Walimshinikiza Jeffries arudi, si kwa sababu yeye alizitamani tena ngumi, bali kwa sababu wao walitaka ubingwa urudi kwa Mzungu. Jeffries alipunguza mwili kwa takriban kilo 45, akapanda ulingoni mjini Reno tarehe 4 Julai 1910, na katika raundi ya 15 akaangushwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ngumi. Usiku ule ghasia za kibaguzi zilienea katika miji mingi ya Marekani na watu wakauawa, wengi wao Weusi.

Joe Louis alirudi kwa sababu nyingine, ambayo mabondia wa kila nchi wanaijua: deni. Alikuwa bingwa tangu 1937 hadi alipostaafu Machi 1949, baada ya kuutetea ubingwa mara 25. Mwaka 1942 alitoa malipo ya mapambano yake mawili kwa mifuko ya misaada ya jeshi la majini na jeshi la nchi kavu, lakini mamlaka ya kodi ya Marekani ilimdai kodi kubwa iliyozidi kuvimba kwa riba. Septemba 1950 alirudi na kushindwa kwa pointi na Ezzard Charles. Tarehe 26 Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, alipigwa na Rocky Marciano hadi akatoka nje ya kamba katika raundi ya 8. Marciano mwenyewe alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49, na hakurudi tena.

Kwa wakazi wa Kigali, sura kubwa kuliko zote ya desturi hii iliandikwa katika nchi jirani ya Zaire, ambayo leo ni Kongo. Muhammad Ali alinyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Hakustaafu kwa hiari. Alizuiwa kufanya kazi yake tangu akiwa na miaka 25 hadi Oktoba 1970, aliporuhusiwa kupigana na Jerry Quarry mjini Atlanta. Alipokwenda Kinshasa mwaka 1974 kumkabili George Foreman, alikuwa bado anaudai mkanda aliopokonywa mezani. Serikali ya Mobutu Sese Seko iligharimia pambano hilo, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5 za Marekani. Lilikuwa lifanyike Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba.

Kengele ililia karibu saa 10 alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili watazamaji wa Marekani walione pambano usiku wao wa mapema. Kigali ilikuwa saa 11. Rwanda ilikuwa bado haina televisheni ya taifa, hivyo mtu aliyetaka habari za Ali alitegemea redio. Katika uwanja wa Mei 20, mbele ya watu wapatao 60,000, Ali aliegemea kamba raundi baada ya raundi, akaziacha ngumi za Foreman zitue kwenye mikono na mbavu zake, kisha katika raundi ya 8 akamwangusha. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25.

Afrika ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, ushindi ule uliacha fundisho baya. Ulimthibitishia Ali, na waliomzunguka, kwamba mwili wake ungeweza kupokea ngumi nyingi na bado ukashinda. Mwaka uliofuata alipigana raundi 14 na Joe Frazier katika joto la Manila. Mwaka 1977, baada ya pambano na Earnie Shavers, daktari wake Ferdie Pacheco alionya kwamba figo za Ali zilikuwa zimeumia, na alipoona hasikilizwi akaondoka kambini. Ali alipoteza ubingwa kwa Leon Spinks mwanzoni mwa 1978, akaurudisha Septemba mwaka huohuo, na mwaka 1979 akatangaza kustaafu. Hapo ndipo alipaswa kubaki.

Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuzishawishi serikali zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na mambo yalimwendea vibaya. Watanzania waliona ni dharau Marekani kumtuma mwanamichezo kujadili suala zito la siasa, na rais wao, Mwalimu Nyerere, hakukubali kumpokea. Jijini Nairobi alipokelewa vizuri zaidi, kwa kuwa Kenya ilikuwa tayari upande wa kususia. Miezi minane baada ya ziara hiyo, bingwa huyo mstaafu alikuwa ulingoni Las Vegas.

Pambano na bingwa Larry Holmes, tarehe 2 Oktoba 1980, linastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu kila kilichoweza kulizuia kilikuwepo. Holmes aliwahi kuwa mwenzake wa mazoezi na alimjua vizuri. Kabla ya pambano Ali alipelekwa hospitali ya Mayo huko Minnesota kupimwa. Madaktari waliandika kwamba hakuweza kurukaruka kwa mguu mmoja kwa wepesi uliotarajiwa, na kwamba alipoambiwa aguse pua kwa kidole alikosea kidogo. Tume ya michezo ya Nevada ilimpa leseni. Juu ya hayo alikuwa akitumia dawa ya tezi iliyompunguza uzito na kumnyonya nguvu. Jukwaani alionekana mwembamba kama kijana, na wengi wakadhani yuko fiti. Kwa raundi 10 Holmes alimpiga mtu ambaye hakuwa na jibu, hadi kocha Angelo Dundee akalisimamisha pambano. Ali alikuwa ameahidiwa dola milioni 8. Alipigana mara moja zaidi, Desemba 1981 mjini Nassau, akashindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson.

Siku ya pambano la Holmes, Ali alikuwa na miaka 38. Foreman naye alikuwa na miaka 38 aliporudi ulingoni Machi 1987. Umri ulikuwa mmoja, matokeo yakawa mbalimbali, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima.

Foreman aliacha ngumi mwaka 1977 baada ya kushindwa na Jimmy Young, akawa mhubiri mjini Houston. Kwa miaka 10 hakuna aliyemgusa kichwa. Alirudi akitafuta fedha za kuendesha kituo chake cha vijana, akiwa na mwili mkubwa uliochekwa na waandishi. Hakwenda moja kwa moja kwa bingwa kama alivyofanya Ali. Alianza na wapinzani wa kawaida katika kumbi ndogo, akashinda mapambano 24 kabla ya kumkabili Evander Holyfield mwaka 1991, na hata pale aliposhindwa alimaliza raundi zote 12 akiwa amesimama. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na amevaa bukta nyekundu aliyoivaa Kinshasa, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 na kuwa bingwa tena, miaka 20 baada ya usiku ule wa Zaire.

Kanda ya Maziwa Makuu ina mfano wake, ingawa si wa uzito wa juu. John Mugabi wa Kampala, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow, alipata ubingwa wa dunia wa WBC mwaka 1989, akaupoteza kwa Terry Norris mwaka uliofuata katika raundi ya kwanza tu. Baada ya kipigo kingine cha raundi ya kwanza mwaka 1991 aliachana na ngumi, akahamia Australia, na mwaka 1996 akarudi. Alipigana hadi 1999 bila kulifikia taji lolote la dunia.

Karne hii imeongeza sura nyingine. Vitali Klitschko alirudi mwaka 2008 baada ya karibu miaka minne ya kuuguza majeraha na akashinda ubingwa palepale. Majeraha yake yalikuwa ya mwilini, na yalipata muda wa kupona. Mike Tyson, kinyume chake, alipanda ulingoni Texas mwezi Novemba 2024 akiwa na miaka 58 dhidi ya Jake Paul, kwa raundi za dakika mbili mbili, miezi michache baada ya kidonda cha tumbo kuahirisha pambano hilo. Alishindwa kwa pointi. Biashara ilikuwa kubwa, ngumi zilikuwa chache.

Kigali haina historia ndefu ya ndondi. Rwanda haikupeleka bondia katika Olimpiki yoyote, hata ya Paris 2024. Ina, hata hivyo, kile ambacho mapromota hukitafuta: ukumbi wa BK Arena pale Remera, uliofunguliwa mwaka 2019 ukiwa na nafasi za watu 10,000, na serikali inayolipia michezo ili jina la nchi lisikike, kama Zaire ilivyofanya 1974. Siku jina la bingwa mstaafu litakapoletwa mezani, waulizwe kwanza madaktari wasiolipwa na promota: amepokea ngumi ngapi, amepumzika miaka mingapi, na nani amempima ubongo. Majibu yakifanana na yale ya Mayo ya 1980, tiketi zisichapwe.